Ampea Mia za Bi Nazha

Wajdi Harfush hakuwa mwongo, na ungemwita hivyo angekudai ushahidi. Katika miaka kumi na saba ya kuwaliza watu wa Trablus hakutamka uongo hata mmoja. Alisoma tu kilichoandikwa kwenye boksi, kwa sauti nzuri, kisha akamwachia mteja ajidanganye mwenyewe kwa kadiri ya kipaji chake.

Mwaka huo boksi lenyewe lilikuwa la inveta ya sola, zile zenye kila kitu ndani ya sanduku moja: linapokea umeme wa paneli, linachaji betri, halafu linaugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani. Wajdi alinunua mikweche iliyokwisha kuungua mara moja na kufufuliwa, akaipangusa, akaipaka rangi, akaibandika stika yenye maandishi mekundu: AMPEA 100. Na huo haukuwa uongo. Sanduku likiamka vizuri lingeweza kuisukumia betri ampea mia. Ila ampea za betri si ampea za ukutani, na Wajdi hakuona sababu ya kuwachosha wateja kwa habari hiyo.

Trablus, ni lazima niseme, watu hupima maisha kwa ampea. Umeme wa serikali ukishakuwa mgeni wa mara moja kwa wiki, mwenye jenereta wa mtaa anakuuzia ampea tano kwa mwezi, na ndani ya tano hizo pasi na friji haviwezi kukaa nyumba moja. Mwenye kumi anasalimiwa kwanza. Wanaokuja kuposa huulizwa, kwa adabu, kama kwao ni kwa tano au kwa kumi. Sasa mtu wa tano ukimwonyesha boksi la mia, hesabu zote zinamtoka kichwani.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano Wajdi alikuwa ameegemea Mercedes yake nyeupe, karibu na mnara wa saa, akilitazama duka la Shukri ng'ambo ya barabara. Shukri aliuza inveta za kweli kwa bei za kweli, hivyo mlango wake ulikuwa mahali pazuri pa kuwapata watu waliokata tamaa. Mlango ukafunguka. Akatoka mama wa miaka sabini hivi, mfupi, kitambaa cheupe kichwani, vidole vimevimba. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akasimama akiangalia barabara bila kuiona.

Wajdi akavuka.

"Salamu, mama. Mzigo wa mawazo huo ni wa ndoa au wa umeme?"

"Ndoa aliondoka nayo marehemu, mwanangu. Huu ni wa umeme."

"Watu huniita Mhandisi Wajdi. Wamekwambia nini humo ndani?"

"Nimeuliza inatoa ampea ngapi. Kijana kasema ishirini na tano, na bei yake hata siwezi kuirudia mdomoni."

Wajdi akatikisa kichwa kama anayepewa habari za msiba wa jirani. "Ishirini na tano. Watu hawana haya."

"Kwani zako zina ngapi?"

"Mia."

Mama akalirudia neno lile taratibu, "Mia," kama anayeonja chumvi. "Dada yangu hapa mjini anapewa tano, na bado wanamwita tajiri."

Wajdi akamfungulia mlango wa mkahawa uliokuwa chini ya mnara. Mkahawa huo ndio ulikuwa ofisi yake. Hakulipa kodi ya meza, mwenye mkahawa alimpokelea simu, na wazee waliocheza karata pembeni walikuwa mashahidi wake wa kudumu. Mtu asiye na mkahawa Trablus hawezi kuwa mhandisi wa kitu chochote.

Mama akajitambulisha kuwa ni Bi Nazha wa Ain Lauza, kijiji cha juu kwenye milima ya Dinniye. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, na tangu wezi walipopanda usiku mmoja wakakata waya wa shaba nguzo kwa nguzo, hakuna aliyeurudisha. Taa hakuzilalamikia. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sindano zake zilitaka baridi. Mpaka sasa alizihifadhi kwenye ndoo ya barafu aliyonunua kijiji cha chini, lakini kiangazi kilikuwa kinakuja na barafu ingefika maji matupu.

"Daktari kasema friji yangu iwe inawaka kabla ya mwezi wa saba au nihamie kwa dada," akasema. "Na nikishuka, mhandisi, sipandi tena. Najijua. Nitakufa kwenye roshani ya mtu mwingine nikisikiliza jenereta."

Wajdi akahisi kitu kinamchoma chini ya mbavu. Akadhani ni njaa, akaagiza mikate ya ufuta pamoja na kahawa. Kisha akataja bei ya sanduku, pamoja na gharama ya kulifunga: nusu ya bei ya Shukri, mara nne ya thamani ya mkweche.

Bi Nazha akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ninayo. Hiyo na nauli tu. Pensheni yangu imebaki jina. Ila nawaza zile nyumba zangu nyingine."

"Nyumba zipi?"

"Kumi na mbili. Ziko nyuma ya shamba la lozi. Saba aliniachia marehemu, tano nimeziongeza mwenyewe."

Mkono wa Wajdi ukasita juu ya mkate. "Zina wapangaji?"

"Zimejaa hata mkono huingizi. Kila nyumba na mama yake na wanawe."

"Wenyeji?"

"Wengi. Nyumba mbili ndugu yangu aliniletea kutoka ng'ambo ya mpaka. Wanatoka alfajiri kwenda kazini, wanarudi jua likizama. Wachapakazi, sijaona mfano wao. Ila ukiwasumbua ni wakali."

"Na kulipa wanalipa?"

"Mwisho wa kiangazi, wote. Hata mwaka ule wa theluji kubwa walinilipa."

"Na umeme wanapata wapi?"

"Hawana hata taa, maskini," akasema Bi Nazha, akatazama chini.

Kahawa ilikuwa imeletwa zamani. Ya Wajdi ilikwisha. Ya Bi Nazha ilikuwa mbele yake, haijaguswa, moshi wake ukipungua. Wazee wa karata waliacha kucheza. Kwetu mgeni mwenye ombi haigusi kahawa yake, na mwenyeji akishamwambia "kunywa kahawa yako", basi ombi limekubaliwa, liwe limesemwa au halijasemwa. Wenye busara husubiri kulisikia kwanza. Wajdi alikuwa na busara nyingi sana, lakini kwa wakati huo alikuwa anazidisha faida ya sanduku moja mara kumi na mbili.

"Kunywa kahawa yako, Bi Nazha," akasema.

Bi Nazha akanywa, mpaka machicha, akakifunika kikombe kisahanini.

"Mungu akuzidishie. Basi ombi langu ni hili. Ufunge nyumba yangu kwanza, kamili: inveta, paneli, betri, nyaya. Vyote vitoke kwako, na mimi nilipe bei hiyo hiyo uliyoitaja. Nikae navyo siku kumi friji isizime. Siku ya kumi na moja nakulipa, nakupeleka kwenye zile kumi na mbili, na ukitaka kuzifungia sola sikukatazi hata moja."

Wajdi akafungua mdomo. Mzee mmoja wa karata akakohoa. "Kahawa imenywewa," akasema, akarudi kwenye mchezo wake.

Angeweza kukimbia, lakini angekimbia na mkahawa wake? Kesho mji mzima ungejua kwamba Wajdi Harfush alimwambia mjane kunywa kahawa kisha akamgeuka. Tena, akajiambia, hasara iko wapi? Nyumba moja ni chambo. Zile kumi na mbili zitapata mikweche, kodi ya mwisho wa kiangazi itaingia mfukoni mwake, na yeye atakuwa Cyprus akila samaki. Aliposimama alikuwa ameanza kumwonea huruma huyu mama.

Siku mbili baadaye akaingia kwa Shukri akitafuta kitu rahisi kitakachoishi siku kumi na moja.

"Kinaendesha nini?" akauliza Shukri.

"Friji. Taa."

"Maji yanafikaje nyumbani? Kama nyumba iko mlimani kuna pampu ya kisima."

Wajdi akampigia simu Bi Nazha. Ndiyo, pampu ilikuwepo, na wapangaji nao wanahitaji maji. Akakata simu na kuitikia kwa kichwa.

"Basi hiyo ndogo ya volti ishirini na nne iache," akasema Shukri. "Pampu ikiwaka inavuta mara tano ya kawaida yake. Friji ikishtuka wakati huo huo, sanduku linapiga kelele na kuzima. Chukua ya volti arobaini na nane, wati elfu tano na mia tano. Betri ya lithiamu. Paneli kumi."

"Nitazipanga zote kwenye mstari mmoja."

"Ukitaka moto, zipange. Asubuhi ya baridi paneli hutoa volti zaidi ya zilizoandikwa mgongoni mwake, na Dinniye kuna theluji. Zikiwa kumi mfululizo zitalichoma sanduku kabla hujamaliza chai. Mistari miwili, tano tano." Akavuta droo, akatoa nakala ya karatasi. "Kila kitu kiko humu, mpaka fimbo ya shaba ya kuzika ardhini. Wala sina haja ya kuandika upya. Niliiandika juzi kwa mteja mwingine, bei ikamshinda."

Wajdi alipaswa kuuliza ni mteja gani. Badala yake aliuliza jumla, na alipoisikia alikwenda kukaa ndani ya Mercedes kwa muda, amefunga madirisha. Gari hilo ndilo lililomfanya mhandisi. Hakuna anayemwamini mhandisi aliyekuja kwa miguu. Kufika adhuhuri lilikuwa na mmiliki mpya, na Wajdi alipanda Dinniye ndani ya pikapu ya kukodi, amekaa juu ya betri.

Kazi ilimchukua siku tatu, kwa sababu hakuwahi kufunga inveta inayotakiwa kufanya kazi. Bi Nazha alikaa juu ya kigoda karibu naye, akimenya vitunguu saumu na kuuliza maswali.

"Mbona umeitundika juu ya jiko, mhandisi? Mimi mjinga tu, nauliza. Haitaona joto?"

Wajdi akaihamishia ukumbini, penye upepo, mbali na maji.

"Na waya huu wa betri mbona mwembamba?"

"Ni wa kisasa, mama."

Wakawasha. Baada ya robo saa Bi Nazha akaushika kwa vidole viwili, polepole, kama anayempima mtoto paji la uso. "Una homa," akasema.

Wajdi alishuka mjini kwa teksi ya kuchangia, akarudi na waya mnene kama kidole, akaukata mfupi kama Shukri alivyomwagiza. Akafunga swichi ya kukata umeme katikati ya betri na sanduku.

"Macho yangu mabovu," akasema Bi Nazha, ameinama, "lakini hii si ina alama ya wimbi? Nasikia umeme wa betri hauna mawimbi. Nasikia ukiukata kwa swichi ya ukutani unawaka moto humo humo badala ya kuzimika. Labda nimesikia vibaya."

Hapo mtu mwingine angeweka bisibisi chini na kushuka mlima bila kuaga. Wajdi, ambaye alikuwa anaona nyumba kumi na mbili kila alipofumba macho, alijibu kwamba amechukua ya makosa kwa ajili ya haraka, akaenda kuibadilisha.

Siku ya tatu jioni friji ikanguruma. Pampu ikafuata, taa zikapungua kidogo, zikarudi, na sanduku halikupiga kelele. Bi Nazha alichukua sindano zake kutoka kwenye ndoo, akazipanga ndani ya friji moja moja, akafunga mlango, akaweka kiganja juu yake. Alilia kidogo bila kuficha. Wajdi akatazama bisibisi yake. Ilikuwa ni ajabu, kuwasha kitu kikabaki kimewaka, na hakujua uso wake uweke sura gani.

Siku kumi zile alipiga simu kila asubuhi. Siku ya nne alisikia kuna mawingu Dinniye, akakosa usingizi. Siku ya sita Bi Nazha alimwambia paneli zina vumbi, naye akapanda mlima kwa teksi tatu, akazipangusa kwa kitambaa na maji, akashuka. Akiwa njiani alijikuta anamweleza dereva kwa nini paneli zielekee kusini. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Siku ya kumi na moja alifika amenyoa, ana mkoba wenye karatasi kumi na mbili za mkataba. Kikweche cha kwanza cha kuwafungia wapangaji kilikuwa tayari kimepakwa rangi. Bi Nazha alimlipa kwanza, mkononi, bei ileile, haikupungua. Kisha akampa kofia pana yenye wavu wa kuteremka mpaka mabegani.

"Ya nini hii?"

"Nilikwambia ni wakali."

Wakapita shamba la lozi. Nyuma yake, kwenye mteremko unaotazama jua, kulikuwa na masanduku kumi na mawili ya mbao yaliyopakwa rangi ya samawati, yamepangwa safu mbili juu ya mawe. Hewa yote ilikuwa inavuma. Mmoja wa wapangaji akatua juu ya wavu, mbele ya pua ya Wajdi, akatembea, akaruka.

"Nyumba ziko wapi?" akauliza Wajdi, ingawa alikuwa ameshajua.

"Unazitazama. Nyumba za nyuki. Kumi na mbili, hesabu."

"Ulisema kila nyumba ina mama."

"Malkia. Mmoja mmoja."

"Ulisema wanalipa."

"Asali, mwisho wa kiangazi. Hawajawahi kunichelewesha."

"Ulisema hawana umeme."

"Wanao?"

Wajdi akavua kofia, jambo ambalo halikuwa la busara, akachomwa sikioni. Akaivaa tena. "Bi Nazha, umenidanganya."

"Neno lipi?" akauliza mama, na hakuwa na hasira. "Nimekusomea kilichopo, wewe ukajidanganya mwenyewe. Nilifundisha fizikia shule ya wasichana miaka thelathini na moja, mhandisi. Shukri mama yake alikuwa mwanafunzi wangu. Ampea mia kwenye betri ya volti arobaini na nane, ukutani ni ngapi? Swali hilo nilikuwa nawapa wasichana wa darasa la kumi, na walilipata. Uliponitajia mia barabarani nilijua wewe ni nani. Nilitaka kukupita. Halafu nikafikiria ile roshani ya dada yangu."

Wakarudi nyumbani. Akaleta kahawa, yenye hiliki, na chupa ya asali pembeni. Wajdi alikaa. Sikio lake lilikuwa limefura likawa jekundu. Aliitazama kahawa asiiguse, na mikono akaiweka magotini. Arudishiwe hata nusu ya gharama, ndilo lilikuwa ombi lake, au robo, au hata pesa ya kukombolea gari, ila hakuweza kulitoa mdomoni, na hapakuwa na haja. Bi Nazha alikuwa mtu wa mlimani. Alikiona kikombe na akakielewa.

Friji ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Kahawa yako inapoa, mwanangu," akasema Bi Nazha.

Hakusema "kunywa". Wajdi akasubiri kwa muda, kama atasema. Moshi ulipokwisha kabisa juu ya kikombe, akakichukua mwenyewe bila kuambiwa, akanywa, akakirudisha. Bi Nazha akamsukumia chupa ya asali.

"Umefunga vizuri," akasema. "Hilo nalisema kwa dhati. Mwanafunzi wangu angefunga hivyo, ningempa alama zote."

Wajdi aliteremka kwa miguu, mkoba mkono mmoja, asali mkono mwingine. Kwenye chemchemi ya kijiji mwanamume mmoja alikuwa anajaza madumu. Jina lake Mulhim, na nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka ile ya Bi Nazha. Akamwita.

"Wewe ndiye uliyemfungia Bi Nazha? Tunaona taa zake kila usiku. Mke wangu hanipi nafasi ya kupumua. Na mimi nataka."

Wajdi akasimama. Mtu mwenye pesa, mwenye mke anayemsukuma, asiyejua volti wala wati, amemjia mwenyewe.

"Inatoa ampea ngapi?" akauliza Mulhim.

Kwenye mkoba stika nyekundu zilikuwepo, tatu au nne. Lakini Wajdi alikuwa anakumbuka uzito wa ile betri, na ule waya mnene kama kidole, na jinsi taa zilivyopungua kidogo kisha zikarudi. Alikuwa amechoka pia, na sikio linauma. Ndiyo maana, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, alijibu lile swali lililoulizwa.

"Ishirini na tano. Jua likiwepo, na paneli ukizifuta."

Mulhim akamwangalia kuanzia viatu hadi sikio, akainua dumu lake.

"Ishirini na tano tu?" akasema. "Samahani, kaka, basi acha. Nasikia mjini kuna mhandisi mmoja ana Mercedes nyeupe, anauza za mia."